Zimwi Lisilotujua

Jurassic World Rebirth, filamu ya dinosa, ilipotoka Julai 2025, hukumu yake ilikuwa imeshaandikwa kabla taa za ukumbini hazijazimwa: picha safi, hadithi hamna. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani kote, na hukumu ikabaki palepale. Tumeizoea. Tuliitoa kwa Godzilla, tukaitoa kwa Kong, tukaitoa kwa kila papa, nyoka na sokwe aliyewahi kuvishwa ngozi na kompyuta. Na kila tukiitoa tunaifungia na maelezo yaleyale, kwamba efekti, yaani picha za ujanja wa kompyuta na mitambo, zimeila hadithi. Kwamba fedha zote zimeishia kwenye magamba na meno, mwandishi akaachiwa makombo. Nadhani maelezo hayo yamesimama kichwa chini miguu juu. Efekti haziui hadithi. Hadithi dhaifu ndiyo inayoziua efekti, tena inaziua mbele ya macho yetu, hadi kazi ya mamia ya watu waliokesha kwa miezi inatupita bila kutugusa. Na hadithi yenyewe haidhoofiki kwa sababu fedha zimekwenda kwingine. Inadhoofishwa na mpangilio wa kazi: nani anaamua nini, na anaamua lini.

Lawama kwa efekti zilipata nguvu mpya Machi 2024, pale Godzilla Minus One ya Japani ilipobeba Oscar ya efekti. Godzilla alikuwa amekaa kwenye sinema karibu miaka 70 bila hata kuteuliwa. Sasa akashinda, kwa filamu iliyoripotiwa kugharimu chini ya dola milioni 15, huku baadhi ya alioshindana nao wakiwa wametumia zaidi ya mara kumi ya hizo. Vipande 610 vya efekti, wasanii 35, basi. Juu ya hayo filamu ina kisa cha kueleweka: rubani aliyetumwa kujitoa mhanga anadanganya kwamba ndege yake ni mbovu, anatua, anaishi, na tangu siku hiyo hawezi kujisamehe kwamba anaishi. Watu walitoka ukumbini wakifuta machozi, na walikuwa wamekwenda kutazama mjusi mkubwa. Tangu hapo kila dubwana la Hollywood likitoka linasimamishwa kando ya lile la Japani, na somo linalotolewa ni moja: fedha nyingi na kompyuta nyingi ndizo zinazoharibu. Punguza fedha, punguza efekti, hadithi itarudi yenyewe. Ni somo tamu kulisikia, lakini halina ukweli.

Turudi nyuma kidogo, maana sinema za madubwana hazijawahi kuwa na enzi ambayo hadithi ilitangulia na efekti zikaifuata kwa adabu. Mwaka 1933 watu walikwenda kumtazama King Kong kwa sababu ileile inayowapeleka leo, kuona kisichowezekana. Kong huyo alikuwa kikaragosi cha sentimita 45 hivi kilichovikwa manyoya ya sungura, na Willis O'Brien na wenzake walikisogeza kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine. Ukiitazama filamu hiyo leo utaona manyoya yanacheza wakati hakuna upepo. Ni alama za vidole vya waliokuwa wakikishika kati ya picha na picha. Kosa la wazi kabisa, liko mbele yako kila anapotokea. Na bado anapoporomoka kutoka juu ya jengo la Empire State unamwonea huruma. Leo kompyuta inapanga manyoya ya sokwe unywele kwa unywele, unalowa, unakauka, unashika vumbi, na sokwe huyo anavunja nusu ya mji huku mtazamaji akichungulia kama bisi zimebaki.

Godzilla naye ana habari yake. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, na majivu yake yakaiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa na watu 23. Mmoja wao, mwendesha redio, alifariki Septemba. Japani nzima ikaingiwa na hofu ya samaki wenye mionzi. Filamu ya kwanza ya Godzilla, ya mwongozaji Ishiro Honda, ilitoka tarehe 3 Novemba mwaka huohuo, na inaanza na chombo baharini, mabaharia wamepumzika juu yake, mara mwanga mkali, kisha moto. Hakuna Mjapani aliyekaa ukumbini siku zile aliyehitaji kuelezwa. Baada ya hapo mtaalamu wa efekti Eiji Tsuburaya aliweza kumleta mtu ndani ya vazi la mpira akikanyaga nyumba za mfano, na watu wakatetemeka, kwa sababu mtu yule wa mpira alikuwa amebeba mgongoni jambo walilolijua wote. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Godzilla wa 1954 alikuwa zimwi linalowajua watazamaji wake. Alijua miji yao iliwahi kuungua na alijua wanaogopa nini sahanini. Mengi ya madubwana ya siku hizi hayatujui, nasi hatuyajui, na ndiyo maana yanatumeza mazima bila sisi kuhisi chochote.

Sasa tuone hilo linavyofanya kazi kwenye picha yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodhani tunazungumzia mambo mawili tofauti. Ukubwa wa dubwana unatoka kwa anayelitazama. Kwenye skrini kila kitu ni mwanga tu. Hakuna tani, hakuna mita. Chukua kipande ambacho karibu kila mtu anakikumbuka kutoka Jurassic Park ya 1993. Gari limesimama usiku, umeme umekatika, mvua inanyesha. Mtoto anatazama vikombe viwili vya maji juu ya dashibodi. Maji yanapiga viduara katikati. Yanatulia. Yanapiga tena. Hakuna dinosa hapo, na hakuna kompyuta: nyaya za gitaa zilipitishwa kwenye gari hadi chini, na kulikuwa na mtu amelala uvunguni akizikwanyua. Anapotokea mnyama mwenyewe, uzito wake tumeshaubeba sisi. Tumekaa ndani ya gari lile, tunajua waliomo ni watoto wawili na mwanasheria, na mwanasheria ameshafungua mlango akawakimbia. Filamu ile, yenye zaidi ya saa mbili, ina dinosa kwa dakika 15 hivi, na za kompyuta hazifiki nusu yake. Miaka 18 kabla, papa wa mitambo wa Jaws aligoma kufanya kazi ndani ya maji ya chumvi, na Steven Spielberg, mwongozaji wa filamu zote mbili, akalazimika kumwakilisha kwa mapipa ya manjano yaliyofungwa mwilini mwake kwa kamba. Pipa linazama tu, moyo unakwenda mbio. Pipa!

Kutokana na mifano hii miwili imezaliwa dawa inayouzwa kila mahali: lifiche dubwana. Onyesha mkia, onyesha kivuli, mengine mwachie mtazamaji. Ni dawa nusu. Godzilla ya 2014 ilimficha mwenye jina lake karibu saa nzima, kwa ustadi mkubwa, na tulipobaki na binadamu tukagundua kwamba aliyekuwa akituvutia zaidi kati yao, baba aliyeigizwa na Bryan Cranston, ameshauawa mapema, na aliyebaki ni mwanajeshi ambaye kazi yake ni kuwepo pale dubwana linapopita. Linganisha na The Host ya Mkorea Bong Joon-ho, ya mwaka 2006. Huyo anamtoa dubwana mchana kweupe, filamu ikiwa bado changa, linakimbia ukingoni mwa mto Han likiwapiga kumbo watu waliokuja kupunga upepo. Efekti zake zimezeeka na zinaonekana kuzeeka. Lakini katikati ya vurugu ile baba anashika mkono wa binti yake, anakimbia naye, anageuka kumtazama, na kumbe ameshika mkono wa mtoto wa mtu mwingine. Hakuna kilichofichwa hapo. Dubwana lote liko wazi, na hofu yote iko kwenye ule mkono.

Narudi kwa Rebirth kwa sababu ni filamu inayoondoa visingizio. Mwandishi wake, David Koepp, alishiriki kuandika ile ya 1993. Kampuni iliyobeba efekti, ILM, ndiyo iliyochora dinosa wa kwanza wa kompyuta katika mfululizo huu. Mwongozaji, Gareth Edwards, ametokea kwenye efekti. Filamu yake ya kwanza, Monsters ya 2010, alizitengeneza efekti zake mwenyewe kwenye kompyuta nyumbani, kwa bajeti ndogo kuliko gharama ya dakika chache za filamu kubwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema vipaji vilikosekana. Na inaanza na wazo kali: dunia imewachoka dinosa. Mmoja amelala hoi katikati ya New York, na kinachowaudhi watu ni foleni ya magari. Makumbusho inafungwa kwa sababu hakuna anayekuja. Nilikaa vizuri kwenye kiti. Nikasema, haya, hapa kuna filamu: kiumbe aliyerudishwa duniani kwa kiburi cha watu sasa anakufa kwa kupuuzwa na watu haohao. Kisha wazo hilo likaachwa palepale barabarani pamoja na mnyama wake, na jibu la filamu kwa uchovu wa watu likawa kumleta dinosa aliyevurugwa vinasaba, mkubwa zaidi, mwenye kichwa cha ajabu zaidi. Kinachochekesha ni kwamba filamu ya 2015 katika mfululizo huohuo ilishalalamika vilevile, kwamba wageni wa bustani hawashtuki tena na dinosa wa kawaida, ikatengeneza Indominus rex. Miaka kumi imepita, ugonjwa ni uleule, dawa ni ileile, kilichoongezwa ni dozi.

Kwa haki niseme kwamba ndani yake kuna kipande cha mtoni ambacho ni kizuri kweli. Familia imekwama, binti anataka kuchukua boti la upepo lililo karibu na T. rex aliyelala, na boti lenyewe lazima lijazwe. Basi. Anachotaka tunakijua, kinachomzuia tunakiona kikihema, na kila sauti ni hatari. Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka 14, na kwa muda wote wa kipande kile alikuwa ameushika mkono wa kiti kama anayeogopa kudondoka. Mwishoni, dubwana kubwa lilipotoka kwenye moshi na taa nyekundu, kazi ya kompyuta isiyo na doa hata moja, aliinama akatazama simu. Kisha akaninong'oneza: "Mjomba, hivi huyu naye anataka nini?" Sikuwa na jibu, na sidhani filamu ilikuwa nalo. T. rex wa mtoni na yule wa mwishoni wametoka katika filamu moja, kwa fedha zilezile. Mmoja alikuwa na uzito, mwingine alikuwa picha.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya kiingilio. Dola milioni 800 si maoni ya mchambuzi mmoja aliyekaa na daftari. Godzilla na Kong wa 2024 waliingiza karibu dola milioni 570. Wanaotetea filamu hizi husema, na husema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba mtazamaji anajua anachokifuata: amefuata mieleka, mpeni mieleka, acheni kumlazimisha kulia. Nami sitaki kuidharau hoja hii. Mieleka ya madubwana ina ukoo wa heshima. Filamu ya 1962 iliyowakutanisha King Kong na Godzilla ndiyo iliyouza tiketi nyingi zaidi Japani kuliko filamu nyingine yoyote ya Godzilla, na ni filamu ya vichekesho, watu wawili ndani ya mavazi ya mpira wakitupiana mawe. Nani atakaa aidai falsafa? Si kila dubwana lazima libebe bomu la nyuklia mgongoni, na mchambuzi asiyejua kufurahia jengo likianguka vizuri angetafuta kazi nyingine.

Lakini mieleka nayo ina hadithi, tena kali. Anayeitazama anataka kujua nani ana chuki na nani na kwa nini, nani ana goti bovu, nani ameapa kutopigwa tena. Ukiondoa hayo unabaki na watu wawili wazito wakigusana. Na filamu hizi, hata kwa kipimo chake zenyewe, zinajipora. Zimewageuza madubwana kuwa masteringi, na steringi hafi. Tunajua yupo kwenye bango la filamu ijayo. Kilele cha ile ya 2024 kina pambano ndani ya dunia ya chini ambako mvutano wa ardhi unavurugika na wapiganaji wanaelea. Fikiria. Kitu kimoja tu ndicho kinachomfanya Kong kuwa Kong, nacho ni uzito, na filamu imelipa fedha nyingi kumwondolea. Kuhusu kiingilio chenyewe, kumbuka kwamba tiketi hununuliwa kabla ya kutazama; inapima ahadi iliyotolewa kwenye trela. Godzilla ya Marekani ya 1998 iliingiza karibu dola milioni 379 kwa bajeti ya takriban milioni 130, na bado mwendelezo uliokuwa umepangwa ukatupwa. Wajapani wenyewe baadaye wakampa kiumbe yule jina la Zilla, wakamwondolea ule umungu (God) wa jina lake, na mwaka 2004 wakamwingiza kwenye filamu yao ili Godzilla wa kweli ammalize pale Sydney kabla dakika haijaisha. Sijawahi kuona uchambuzi wa filamu mkali kuliko ule.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba Minus One imethibitisha umaskini ni mama wa hadithi. Kama ingekuwa hivyo, zile filamu za papa zinazotengenezwa kwa fedha za kuokoteza, papa wa vichwa viwili, papa wa mchangani, zingekuwa zimejaa tuzo. Bei ya chini imezaa madubwana mabovu mengi kuliko bei ya juu ilivyowahi kuzaa. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, alipoulizwa kuhusu zile dola milioni 15, alijibu kwamba laiti angekuwa nazo kiasi hicho. Hakuwa akijivunia uhaba, alikuwa akiulalamikia. Na wanaoisifu bajeti yake mara nyingi wanasahau kwamba masharti ya kazi ya wasanii wa efekti Japani si ya kuigwa kwa furaha. Ukimwambia mtayarishaji wa Hollywood kwamba siri ni kutumia fedha kidogo atakuelewa haraka sana, na atakayekatwa mshahara si yeye.

Siri iko kwingine, na inaonekana kwenye orodha ya majina mwishoni mwa filamu. Yamazaki aliandika muswada, akaongoza, na akasimamia efekti. Alipochukua tuzo alikuwa mwongozaji wa pili tu kuipata Oscar hiyo, baada ya Stanley Kubrick. Wasanii wake 35 walikuwa karibu naye. Aliyejua kwa nini rubani yule anaogopa ndiye huyohuyo aliyeamua wimbi liinuke kiasi gani. Tazama kipande cha baharini, Godzilla akiifukuza mashua ndogo, kichwa kikipasua maji nyuma ya watu wanne wasio na pa kukimbilia. Maji yale, aliyoyashughulikia msanii kijana Tatsuji Nojima, aliyepanda naye jukwaani siku ya tuzo, ni mazuri kweli kama kazi ya kompyuta. Lakini yanatisha kwa sababu tumeshaambiwa mashua ni ya mbao, na tumeambiwa kwa nini: watu hao wanategua mabomu ya baharini yanayolipuka chombo cha chuma kikikaribia. Mbao ni uamuzi wa mwandishi. Wimbi ni uamuzi wa msanii wa efekti. Kwenye filamu hiyo maamuzi yote mawili yalitoka kwenye kichwa kimoja, na macho yetu yanaona jambo moja.

Kwenye studio kubwa mambo huenda kinyume. Tarehe ya kutoka hutangulia. Rebirth ilitangaziwa tarehe 2 Julai 2025 kabla haijapata mwongozaji wa uhakika; Edwards alipokabidhiwa alikuwa na kama mwaka mmoja na nusu kuanzia siku hiyo hadi watu waingie ukumbini. Kwa kuwa dubwana la kompyuta huchukua miezi mingi, vipande vyake vikubwa hupangwa mwanzoni kabisa kwa michoro ya awali, vikagawanywa kwa kampuni kadhaa katika nchi kadhaa, na kazi ikaanza. Kisha muswada unaendelea kubadilishwa. Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo halisemwi vya kutosha: dubwana likishaanza kuchorwa, kulibadilisha ni ghali mno. Binadamu ni rahisi. Kwa hiyo kisa kikiyumba, anayerekebishwa ni binadamu. Mwigizaji anaitwa siku mbili kurekodi upya, anapewa sentensi mpya inayoelezea kwa nini wamekwenda kisiwani, inapachikwa kwenye picha ambayo amegeuza mgongo ili midomo isionekane. Ukianza kuwatafuta hao wanaosema mambo muhimu wakiwa wametupa mgongo, hutaacha kuwaona. Kila mmoja ni kovu. Hadithi haikuliwa na efekti; ililazimishwa kuzunguka kitu kilichokuwa kimeshamwagwa zege.

Ndiyo maana lawama kwa wachoraji inaniudhi. Neno "michoro ya kizembe" linatembea sana, na wanaolitumia hawajui linamwangukia nani. Februari 2013 kampuni ya Rhythm & Hues ilishinda Oscar kwa simbamarara wa Life of Pi, mnyama wa kompyuta ambaye watu hadi leo wanabishana ni sehemu zipi alikuwa wa kweli. Siku chache kabla ya tuzo, kampuni ilikuwa imeshawasilisha ombi la kulindwa kwa kufilisika. Msimamizi wake Bill Westenhofer alipoanza kulitaja jambo hilo jukwaani, alikatizwa kwa muziki, na muziki wenyewe ulikuwa ule wa papa wa Jaws. Hata mtunzi wa tamthilia asingethubutu kuandika hivyo. Kampuni hizi huajiriwa kwa bei iliyokubaliwa mapema, halafu mabadiliko yanakuja juu ya mabadiliko, na gharama ya kila mtu asiyejua anachotaka inaangukia meza ya mchoraji. Usumbufu wa hadithi isiyoamuliwa unalipwa na yule ambaye hakuiandika.

Je, dawa ni kumpa kila mwongozaji madaraka yote? Hapana, na hapa naipinga hoja yangu mwenyewe kidogo. Roland Emmerich aliongoza Godzilla ya 1998 na alishiriki kuiandika, na tuliona matokeo. Kichwa kimoja chaweza kuwa kitupu. Ninachodai ni kidogo zaidi, na pengine kigumu zaidi kwa studio kukikubali: kwamba swali la mpwa wangu lijibiwe kabla mchoro wa kwanza haujaanza, na mwenye jibu awe na uwezo wa kusema hapana hadi siku ya mwisho. Papa wa Jaws anataka kula, na meya anataka fukwe zibaki wazi. Filamu yote iko kati ya matakwa hayo mawili. Kong anamtaka mtu mmoja katika mji wa mamilioni. Dubwana likijua linachotaka, hata binadamu wanaolizunguka wanaanza kupata sura, kwa sababu sasa wana kitu cha kukataa.

Haya yote yatakuwa na uzito zaidi miaka michache ijayo kuliko yalivyokuwa mwaka 1993. Wakati ule kumwona dinosa akitembea kulitosha, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kumwona. Leo programu za akili bandia zinatengeneza kipande cha video kwa sentensi moja, na ingawa zinakosea vidole na vivuli, kila mwaka zinakosea kidogo kuliko mwaka jana. Dinosa mzuri anaelekea kuwa kitu ambacho kijana yeyote anaweza kukitengeneza chumbani. Studio zinazosoma mapato ya 2024 na 2025 kama uthibitisho kwamba picha inatosha zinajenga biashara juu ya kitu kinachoshuka bei kila siku. Na wachambuzi wanaozishauri zipunguze efekti wanazipa ushauri mbovu kutoka upande wa pili, maana tatizo halijawahi kuwa wingi wa picha. Godzilla wa Yamazaki ana vipande 610. Hata kimoja sikutamani kiondolewe.

Yamazaki anarudi na Godzilla mwingine, na imeshatangazwa kwamba ataandika, ataongoza na kusimamia efekti mwenyewe, kama mara ya kwanza. Naamini safari hii watampa fedha zaidi, na najua wapo wanaosubiri ajikwae ili waseme fedha ndizo zilizomponza. Mimi nitakwenda na mpwa wangu. Dubwana litakapoinuka kutoka majini nitalitazama, lakini jicho moja litakuwa kwenye mkono wake na ile simu.